Mbwa aliyefungana manyoya: mkasi kaa nao mbali

Mwaka wangu wa kwanza katika kazi hii ya kunyoa na kutunza manyoya ya mbwa nilimkata kwapani mbwa mmoja wa aina ya Shih Tzu. Nililiona fundo la manyoya, nikapitisha mkasi chini yake, nikidhani ngozi iko mbali. Kumbe ngozi yenyewe ilikuwa imevutwa ikaingia ndani ya fundo, kama nguo iliyonaswa na zipu. Daktari wa mifugo alimshona nyuzi tatu, nikalipa mimi. Tangu siku hiyo mezani kwangu mkasi haushikwi mpaka mafundo yote yameshatoka.

Anza kwa vidole. Papasa nyuma ya masikio, kwapani, chini ya mkanda wa shingoni, kwenye kinena, katikati ya vidole vya miguu. Fundo dogo unaloweza kulichezesha bila ngozi kulifuata, lishike kwenye shina ili lisimvute, ulichambue kuanzia nchani kwa brashi ya waya na kitana cha chuma. Lakini manyoya yakishashikana kama mkeka, hapo ni kunyoa. Wenye mbwa hupenda kuniambia, "Mchane tu polepole." Polepole hiyo ni saa nne za maumivu, na brashi ikirudia pale pale huchubua ngozi.

Usimwogeshe kwanza. Fundo likilowa na kukauka hukaza zaidi, na ngozi ya chini hubaki na unyevu.

Kwenye mashine ya kunyolea mimi hutumia wembe namba 10, unaoacha manyoya ya kama milimita 1.5. Nyembe zenye meno yaliyoachana ziweke kando, zinanasa ngozi. Vuta ngozi kwa mkono mwingine iwe tambarare, laza mashine, ipite kati ya ngozi na mkeka ukifuata manyoya yanakolala. Ikigoma usisukume, ingia kwa upande mwingine. Kila baada ya dakika chache gusisha wembe upande wa ndani wa kifundo cha mkono wako, pale kwenye mshipa. Ukihisi umepata moto, badilisha au uache upoe. Punguza mwendo kwapani, kwenye chuchu, kwenye mkunjo wa ngozi mbele ya paja na kwenye mshipa wa kisigino cha nyuma.

Masikio ndiyo yanayowaumbua hata wazoefu. Uzito wa mkeka ukitoka ghafla, mbwa hutikisa kichwa kwa nguvu, damu ikavilia ndani ya sikio likavimba kama mto. Mimi humvisha kitambaa laini kinachovutika kuzunguka kichwa, kisichobana koo, na mwenyewe namwambia aangalie uvimbe siku hiyo na kesho yake.

Mazungumzo na mwenye mbwa yafanyike kabla ya mashine kuwashwa. Piga picha, mwambie chini ya mkeka panaweza kuwa na wekundu, vidonda, kupe, hata funza, kisha atie sahihi. Ukikuta funza au kidonda kibichi, zima mashine, aende kwa daktari. Vivyo hivyo kwa mbwa anayeng'ata kwa maumivu: dawa ya kumlaza ni ya daktari peke yake.

Mwenye mbwa akija kumchukua, mpe kitana cha chuma mkononi na umwonyeshe. Kikikwama nyuma ya sikio, brashi yake ilikuwa inapita juu juu tu.