Kufunga Sasipensheni ya Mbele ya Porsche 911 kwenye Porsche 914

Porsche 914, iliyotengenezwa kwa ushirikiano wa Volkswagen na Porsche kuanzia mwaka 1969 hadi 1976, ni gari la kale ambalo unaweza kuliboresha mbele kwa vipuri vya ndugu yake bila kukata wala kuchomelea chuma. Wahandisi hawakulibunia sasipensheni yake ya mbele. Waliichukua kwenye 911 pamoja na muundo wake wote: nguzo ya shokapu iliyokaa juu ya mkono mmoja wa chini, na badala ya springi ya kawaida, fimbo ya chuma inayosokoteka, iliyolala ndani ya mkono huo kwa urefu wa gari. Toleo la injini ya silinda sita, 914/6, lilitoka kiwandani na habu (kitovu kinachoshika gurudumu) za stadi tano, yaani skrubu zilizosimama za kufungia gurudumu, pamoja na diski nene za breki zenye njia za hewa katikati. Toleo la silinda nne ndilo lililopewa habu za bolti nne na diski nyembamba zisizo na njia hizo, na ndilo ninaloliandikia maelezo haya.

Vipuri vichukuliwe vyote, kulia na kushoto, kutoka gari moja lililochinjwa. Nasisitiza jambo hili kwa sababu nguzo za 911 za miaka tofauti zinafanana sana kwa macho ilhali masikio ya kufungia kalipa, yaani kifaa kinachobana diski ya breki, yameachana kwa vipimo viwili tofauti: milimita 76 kwa kalipa za aina ya M, na milimita 89 kwa kalipa za aina ya A. Pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu la pili kabla ya kulipa. Boljointi, yaani viungo vya mviringo vinavyounganisha nguzo na mkono wa chini, nazo ni za namna mbili, yaani zinazobanwa kwa bolti iliyonyooka na zinazobanwa kwa pini yenye umbo la kabari, na kila moja inakubali nguzo yake tu. Pitisha kidole mahali beringi ya ndani inapokaa kwenye spindo, yaani mhimili unaozungukiwa na habu. Ukihisi mfereji, au ukiona chuma kimegeuka rangi ya buluu kwa joto, iache nguzo hiyo hata kama shokapu yake ni nzima.

Kabla ya kufungua chochote, amua pia utakachofanya nyuma. Ukiweka stadi tano mbele na kuacha bolti nne nyuma, gari litatembea, lakini tairi moja la akiba halitaweza kuhudumia pande zote mbili. Mimi huona ni heri kusubiri hadi habu za nyuma zipatikane.

Kazi yenyewe huanza kwa kuweka vigingi kwenye magurudumu ya nyuma, kuinua mbele na kulikalisha gari juu ya stendi imara. Jeki peke yake haiaminiki. Ukishafungua buti la mbele, kwaruza alama kuzunguka bamba linaloshika kichwa cha kila nguzo, kwa kuwa bamba hilo ndilo linaloamua mlalo wa tairi na bila alama utarudisha kwa kubahatisha. Hesabu mizunguko unapolegeza skrubu ya kurekebishia urefu, ili fimbo ipumzike. Kisha toa kalipa, achanisha tairodi (fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu) kwa kifaa cha kuvutia na si kwa nyundo, fungua boljointi, halafu mtu mmoja ashike nguzo huku mwingine akiondoa bolti za juu, maana ikiwa na habu yake ni nzito kuliko inavyoonekana.

Fimbo ya msokoto inastahili uangalifu wa pekee. Ile ya asili ya 914 ina kipenyo cha milimita 17.9, na ya 911 SC, toleo la baadaye la 911, ina milimita 18.8. Tofauti hiyo ya chini ya milimita moja inaonekana ndogo, lakini ugumu wa fimbo hupanda kwa kipeo cha nne cha kipenyo, kwa hiyo fimbo ya SC ni ngumu zaidi kwa takriban asilimia 22. Fimbo ya milimita 21, ambayo wengi huikimbilia, inakaribia kuuzidisha ugumu maradufu, na gari ambalo springi zake za nyuma hazijaguswa litaanza kuteleza mbele kwenye kona. Kwa barabara za kawaida, ile ya SC inatosha. Soma herufi iliyopigwa mwishoni mwa fimbo usije ukabadilisha ya kulia na ya kushoto, ipake grisi, na usikubali mkwaruzo wowote mwilini mwake, kwani mkwaruzo ndipo ufa unapozaliwa.

Beringi za habu hukazwa kwa hisia. Kaza nati huku ukizungusha habu, kisha ilegeze kidogo kidogo, ukijaribu kila mara kuisogeza washa iliyo chini yake kwa ncha ya bisibisi. Washa iteleze kwa nguvu ya kidole tu, bila kuegemeza bisibisi popote. Ikigoma umekaza mno, na habu ikicheza umelegeza mno.

Breki ndizo huharibu kazi ya watu wengi. Kalipa za 911 nilizozitaja zina pistoni za milimita 48, wakati za asili ni milimita 42, na hivyo eneo la pistoni limeongezeka kwa asilimia 31. Pampu kuu ya asili ya milimita 17 italazimika kusukuma mafuta mengi zaidi, nawe utaona pedali ikizama. Ya milimita 19 inarudisha karibu hali ya mwanzo. Nyuma nako, 914/6 ilipewa pistoni za milimita 38 badala ya 33, nyongeza ya asilimia 33, kwa hiyo uwiano wa mbele na nyuma haukuyumba. Ukibaki na kalipa ndogo za nyuma, mbele kutabeba mzigo zaidi ya ilivyokusudiwa, na vali ya kudhibiti shinikizo la nyuma irekebishwe na fundi mwenye geji. Weka mipira mipya ya kupitishia mafuta ya breki, kisha toa hewa ukianzia gurudumu lililo mbali zaidi na pampu.

Gari likishashuka chini, lisukume mbele na nyuma mara kadhaa ili likae kwa uzito wake ndipo urekebishe urefu, na alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa magurudumu, ifuate baada ya hapo. Nati za magurudumu zikazwe kwa Nm 130, kisha zipimwe tena baada ya kilomita 100 za kwanza.