Mwandishi mpya wa habari, anza na bei ya dagaa

Kwa anayeanza kazi ya uandishi wa habari hapa Kigoma, napendekeza zoezi moja ninaloliamini kuliko mengine: chagua jambo dogo linalobadilika, kama bei ya dagaa katika mwalo wa Kibirizi, ulifuatilie kila wiki hata kama hakuna mhariri aliyekuagiza.

Usiishie kwa mchuuzi mmoja. Mvuvi atakutajia bei ya mafuta ya injini na mbalamwezi, kwa kuwa dagaa huvuliwa usiku kwa mwanga wa taa na mwezi mpevu hupunguza mavuno. Mama anayeanika atakueleza jinsi mvua inavyoharibu dagaa kabla hawajakauka. Naye ofisa uvuvi atakuwa na takwimu zake. Maelezo hayo yakipingana, na mara nyingi yatapingana, usichukue lile linalokupendeza, bali rudi ukaulize tena, kwa maana mwandishi hukomaa katika kule kurudi.

Andika majina kamili papo hapo, na kila tarakimu msomee aliyekupa kabla hamjaagana. Ofisi ya umma ikisita kutoa takwimu, ziombe kwa maandishi ukitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayoitaka ijibu ndani ya siku 30.

Ukikaa kuandika, aya ya kwanza ibebe bei, mahali na sababu. Historia ya mwalo itafuata chini, ikiwa nafasi ipo.