Nomino pacha za Kiingereza: anza na neno la mwisho
Ukikuta nomino mbili za Kiingereza zimeungana, zisome kutoka nyuma. Neno la mwisho ndilo kitu chenyewe. La kwanza linaeleza tu ni cha aina gani. Kiswahili hutanguliza kitu, ndiyo maana tunajikwaa. Pale dukani, "tea masala" ni masala, ile poda ya iliki, tangawizi na mdalasini. "Masala tea" ni chai yenyewe, tayari kikombeni. Wingi nao hukaa mwishoni: "toothbrushes" (miswaki), si "teethbrush", hata kama meno ni mengi. Mbinu hii hugoma kwa "pickpocket", ambaye ni mwizi wala si mfuko, na kwa "attorney general" (mwanasheria mkuu), muundo wa Kifaransa unaotanguliza kitu: wingi wake rasmi ni "attorneys general".