Somo: Kuona protini ndani ya tishu kwa tomografia ya kraio-elektroni

Protini nyingi tunazozijua kwa sura zilitolewa kwanza kwenye seli, zikasafishwa, ndipo zikapigwa picha. Tomografia ya kraio-elektroni, yaani kugandisha sampuli na kuipiga picha kutoka pembe nyingi kwa hadubini ya elektroni, huziacha mahali pake, pamoja na jirani zake. Mfano wangu ni ubongo wenye Alzheimer, ugonjwa unaopoteza kumbukumbu: mwaka 2024 watafiti wa Leeds, Uingereza, na wenzao wa Amsterdam walichapisha katika jarida la Nature picha za amiloidi-beta na tau, protini mbili zinazorundikana kwa nyuzi katika ugonjwa huo, ndani ya tishu ya ubongo wa mgonjwa aliyefariki.

1. Gandisha. Hapa ndipo kazi inapofaulu au kuharibika. Maji yakiganda taratibu hufanya fuwele, na fuwele hupasua utando wa seli na kusogeza kila kitu. Tunataka yagande kwa kasi kiasi kwamba molekuli zake zisiwahi kujipanga; yawe magumu bila fuwele, kama kioo. Njia hiyo aliionyesha Jacques Dubochet na kundi lake huko Heidelberg miaka ya 1980, na mwaka 2017 akapata Nobeli ya kemia pamoja na Joachim Frank na Richard Henderson.

Seli moja moja huzamishwa katika ethani ya kimiminika. Tishu ni nene, joto halitoki upesi, na ukivuka takriban mikromita 10 fuwele zitatokea katikati. Ndiyo maana tishu hugandishwa kwa shinikizo la bar 2,000 hivi huku ikimwagiwa nitrojeni ya kimiminika. Shinikizo hilo huchelewesha fuwele, na unene wa hadi mikromita 200 unawezekana. Tangu hapo hadi mwisho sampuli ikae chini ya -140 °C. Ikipata joto dakika chache tu, umeipoteza.

2. Tafuta mahali. Wa Leeds walitumia methoxy-X04, rangi inayong'aa ikishika amiloidi, wakaitafuta kwa hadubini ya mwanga yenye meza baridi. Usiruke hatua hii, maana hadubini ya elektroni huona eneo dogo mno.

3. Punguza unene. Elektroni zinahitaji tabaka la nanomita 100 hadi 200. Kisu cha almasi hukata haraka, lakini hubana kipande na kukikunja. Mwale wa ioni za galiamu huchonga kwa upole zaidi. Kwa tishu nene, kibonge hung'olewa kwa sindano ndani ya chombo baridi, kikapachikwa kwenye gridi (kisahani kidogo cha wavu kinachobeba sampuli), kisha kikachongwa. Mimi nachagua ioni kila inapowezekana, ingawa ni kazi ya siku nzima kwa vipande vichache.

4. Piga picha. Inamisha sampuli kutoka digrii -60 hadi +60, picha moja kila digrii 2 au 3. Anzia sifuri, kisha badilisha upande mmoja na mwingine, ili picha bora zipatikane kabla elektroni hazijaunguza sampuli.

5. Jenga umbo. Kompyuta hulinganisha picha na kuunda mchemraba wa pande tatu. Kisha nakala za protini ileile hukatwa kutoka mchemraba huo na kuwekwa pamoja hadi kelele, yaani chengachenga za picha, ipungue. Kwa nyuzi 136 tu za tau kutoka mchemraba mmoja, wa Leeds waliona jinsi mnyororo wa protini ulivyojikunja. Wakagundua pia kwamba nyuzi za fungu moja, yaani zilizokusanyika mahali pamoja, kwa kawaida hufanana, na za mafungu tofauti hutofautiana. Protini iliyosafishwa isingeweza kuwaambia hilo, kwa sababu mafungu yangekuwa yamekwisha kuchanganywa.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, hospitali yetu ina tishu nyingi kwenye nta. Zinafaa?*
Hapana, ndugu yangu. Fomalini, dawa ya kuhifadhia tishu, imeunganisha protini na nta imechukua nafasi ya maji. Kwa patholojia ya kawaida ni hazina. Kwa kazi hii maji yenyewe ndiyo tunayohitaji.

*Kwa nini tusiinamishe hadi digrii 90?*
Kwa digrii 60 elektroni tayari hupita unene maradufu, na zaidi ya hapo hazipenyi vizuri. Pembe zinazokosekana hufanya umbo lionekane limevutwa kuelekea mwale wa elektroni. Nakala zilizolala pande tofauti, zikiunganishwa, hupunguza kasoro hiyo.

*Naweza kutambua protini yoyote?*
Ribosomu (mtambo mkubwa wa seli unaotengeneza protini), ndiyo, hata kwa macho, na proteasomu (mtambo unaozivunja) kwa msaada wa programu. Protini ndogo humezwa na msongamano wa seli. Ukitaka protini ndogo, anza na iliyoungana na nyingine katika kundi kubwa au iliyojipanga kwa nyuzi.