Acha kuuliza "Mmeelewa?": jinsi ya kutunga swali linalofichua nani hajaelewa desimali

Nafundisha hesabu Likoni. Zamani kila nikimaliza kueleza nilikuwa nauliza "Mmeelewa?" na darasa zima linaitikia, "Ndiyooo, mwalimu!" Mtihani ukija, natoka jasho. Itikio lile ni adabu tu. Mtoto hawezi kusema mbele ya wenziwe kwamba hajaambulia kitu. Nitatumia mfano wa desimali, maana ndipo nilipoaibika zaidi.

Hatua ya 1: Anza na kosa

Kabla ya kuandika swali, jiulize: asiyeelewa huwa anafikiri nini? Kwenye desimali nakutana sana na makundi mawili. La kwanza huona tarakimu zikiwa nyingi ndiyo namba kubwa, kwa hiyo 0.125 inaishinda 0.4. Ulimi nao huchangia: mtoto anasoma "nukta mia moja ishirini na tano" badala ya "nukta moja mbili tano", na mia ikishatajwa, nne itasimama wapi? Kundi la pili limesikia kwamba sehemu za elfu ni ndogo kuliko sehemu za kumi, likashika kwamba namba fupi ndiyo kubwa siku zote.

Hatua ya 2: Mtegee kila mmoja jibu lake

Nilikuwa nauliza: "Ipi kubwa, 0.4 au 0.125?" Kundi la pili walipata wote, nikawapigia alama ya vyema, kumbe wamefika kwa njia mbovu. Siku hizi naweka tatu:

Vipande vitatu vya pweza vimepimwa kwenye mizani. A ni kilo 0.4, B kilo 0.62, C kilo 0.125. Kipi kizito zaidi?

Anayefuata urefu atachagua C. Anayefuata ufupi, A. Aliyeelewa, B. Hapo jibu lenyewe linakwambia ukamsaidie nani, na kwa lipi.

Hatua ya 3: Nyamaza

Uliza, kisha hesabu hadi tano kimoyomoyo. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alipima jambo hili madarasani. Katika maandishi yake ya miaka ya 1970 alieleza kwamba walimu walikuwa wakingoja kama sekunde 1 tu. Walipongoja 3 au zaidi, majibu yalirefuka na wanafunzi wengi zaidi wakajibu. Kisha wote waonyeshe vidole kwa pamoja, mkono ukiwa kifuani: kimoja A, viwili B, vitatu C. Wasinyooshe mikono juu. Wale watatu wa dawati la mbele nawajua tayari.

Hatua ya 4: Muulize "kwa nini" hata aliyepata

Usikimbilie kusema "Vizuri!" Mwambie: "Hebu mweleze mwenzako aliyechagua C." Ninachotaka kusikia ni sehemu sita za kumi dhidi ya nne na moja. Akisema "ndivyo ulivyotufundisha, mwalimu," hajafika.

Hatua ya 5: Rudia baada ya siku chache

Badilisha vitu: vipande vya kitambaa kwa fundi cherehani, A mita 0.3, B mita 0.209, C mita 0.58. Jibu lisiwe B tena. Skulini kwetu habari za "jibu ni B" hufika darasa jingine kabla ya kengele.