Ngazi baada ya saratani ya mapafu
Kama umemaliza matibabu na daktari amekuruhusu mazoezi, achana na jimu kwanza. Tembea dakika 5 hadi 10 kwenye njia tambarare, uongeze kidogo kidogo. Kipimo ni maongezi: ukiweza kusema sentensi nzima, mwendo ni sawa; ukishindwa hata kuitikia salamu ya jirani, punguza.

Ngazi ndizo zinazotesa. Vuta pumzi kwa pua ukiwa umesimama, kisha panda vidato viwili huku ukiitoa polepole, midomo umeibana kama unayepuliza chai ya moto. Simama, vuta tena. Wengi hubana pumzi wakipanda (mazoea tu), ndiyo maana hufika juu wanahema. Kifua kikiuma, ukiona kizunguzungu au ukikohoa damu, acha hapo hapo, uende hospitali.