Jinsi ya Kupanga Ziara ya Griffith Observatory, Los Angeles

Kituo hiki cha kutazamia nyota, kilichofunguliwa mwaka 1935 kwenye mteremko wa kusini wa Mlima Hollywood, hakitozi kiingilio. Kwa hiyo jambo la kupangwa kwa makini ni muda. Jumatatu hufungwa, na siku nyingine huwa wazi hadi saa 4 usiku, ingawa ni vyema kuthibitisha ratiba kabla ya kuondoka. Naona katikati ya wiki ndiko kuzuri zaidi, kwani Jumamosi na Jumapili barabara ya mlimani husongamana na maegesho, ambayo hulipiwa, hujaa mapema. Anayetaka kuepuka adha hiyo apande treni ya chini ya ardhi hadi Vermont/Sunset, kisha basi la DASH linalofika hadi juu.

Fika saa mbili hivi kabla ya machweo. Anzia ndani, uitazame pendulamu ya Foucault: tufe zito linaloning'inia kwa waya mrefu, likiangusha vigingi vidogo kimoja baada ya kingine kadiri Dunia inavyozunguka. Jua likikaribia kuzama, panda paani, ambako jiji lote hutandaa chini yako na, hewa ikiwa safi, Bahari ya Pasifiki huonekana kwa mbali. Usingoje giza liive ndipo utafute foleni ya darubini ya Zeiss yenye lenzi ya inchi 12: kuchungulia ni bure, lakini foleni hufungwa mapema kuliko jengo lenyewe.